Kuku mgeni na kamba yake: Aliyeifunga ni nani?

MTANGAZAJI wa soka akitaka kumweleza mchezaji aliyehamia timu mpya na ambaye bado mpira haumtii, utamsikia akisema jamaa yuko "kama samaki nje ya maji". Mwanafunzi akiandika insha kuhusu siku yake ya kwanza katika shule ya bweni, naye humvua samaki huyo huyo. Hata katika tasnifu za uzamili zinazopita mezani pangu, samaki huyu hakosekani.

Taswira yenyewe haina ila. Kwa Waingereza ni kongwe: mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliitumia alipomsawiri mtawa asiyetulia katika monasteri yake. Linalonishughulisha ni kwamba wengi wetu humkimbilia samaki huyu tukidhani Kiswahili hakikuwahi kuwa na namna yake ya kumweleza mtu aliyejipata mahali pasipoendana naye. Kumbe kinayo, tena ya uani tu, wala si ya baharini: kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Katika makala ya leo, msomaji mpendwa, nataka tuitazame methali hii kwa utulivu: maana yake, ilikotoka, jinsi ilivyoundwa, na kwa nini ni heri kuitumia kuliko samaki, na heri zaidi kuliko neno jingine ambalo Wakenya tunalijua vyema kwa ubaya wake.

Methali iliyozaa nahau

Kwanza tuondoe utata mdogo. Methali ni kauli iliyokamilika. Ina hukumu yake ndani. Nahau ni fungu la maneno linalosubiri kutiwa katika sentensi. Lakini methali zetu zina tabia ya kukatwa vipande, na kipande kikaanza kuishi peke yake. "Haba na haba hujaza kibaba" imetupa "haba na haba". "Bandu bandu huisha gogo" imetupa "bandu bandu". Vivyo hivyo, methali yetu ya leo imetupa "kuku mgeni". Mtu akisema, "Msimlaumu sana karani yule, bado ni kuku mgeni," hakuna haja ya kumalizia habari za kamba. Msikilizaji ameshaiona.

Maana yake hufunzwa kwa namna mbili. Wapo walimu wanaosema kwamba inahusu utambulisho: mgeni, hata akijificha vipi, ana alama ya kumtambulisha. Huenda ni matamshi yake, mavazi yake, namna anavyosalimia, au jinsi anavyosita mlangoni akiwa hajui aingie na viatu au avivue. Kwa maana hii, methali yetu ina ndugu yake wa karibu: "Mgeni ni kuku mweupe." Kuku mweupe huonekana kwa mbali katikati ya wenzake wa rangi ya udongo, na pengine wa kwanza kumwona ni mwewe.

Wapo walimu wengine wanaosema kwamba inahusu vikwazo: mgeni hana uhuru wa mwenyeji. Hajui njia za mkato, hajui nani ni nani, hajui ni jambo gani huzungumzwa na lipi hunyamaziwa. Akitaka kwenda hatua kumi, kamba humrudisha ya tatu.

Je, nani kati yao amepatia? Wote wawili. Kamba ile ile ambayo macho ya wengine huiona ndiyo ambayo mguu wa kuku huihisi. Ila kuna maana ya tatu ambayo madarasani huachwa, nayo haionekani mpaka tutoke darasani, twende uani.

Asili iko uani

Kwa msomaji aliyekulia Shinyalu, Butere au Malava, asili ya methali hii haihitaji kamusi. Kuku akinunuliwa sokoni, au akiletwa na wakwe kama zawadi, hafunguliwi siku hiyo hiyo akaambiwa, "Haya, zunguka." Hufungwa mguu mmoja kwa kamba ya mkonge au kipande cha kitambaa, na ncha ya pili ikafungwa kwenye kigingi, shina la mgomba au mguu wa meza jikoni. Sababu zake ni tatu, na kila moja inafaa kutajwa.

Ya kwanza ni kumbukumbu. Jua likianza kuchwa, kuku hurudi alikozoea kulala. Huyu wa jana bado amezoea kwingine. Ukimwachilia, ataanza safari ya kwenda kwao asikokujua njia, na giza litamkuta kichakani pamoja na kicheche. Ama ataingia kwa jirani, na kesho mtakuwa na kesi: huyu ni wako au ni wangu?

Ya pili ni kuku wenyeji. Mtu yeyote anayefuga kuku amewaona wakimwandama mgeni kwa midomo. Mwaka 1921, mtafiti kutoka Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewachunguza kuku tangu utotoni mwake, aliandika kuhusu utaratibu huu: katika kila kundi la kuku kuna safu ya nani humdonoa nani, na kila mmoja anaijua nafasi yake. Mgeni anapoingia, safu nzima hutikisika, na kila mwenyeji anataka kuhakikisha kwamba hatashuka. Hivyo mfugaji mwenye busara humfunga mgeni mahali ambapo wenyeji watamwona bila kumfikia, mpaka wamzoee. Ni jambo la kutafakari kwamba wanaodonoa kwa bidii si lazima wawe wale wa juu kabisa. Kuku wa chini naye huona amepata wa kumshinda, walau kwa siku chache.

Ya tatu ni watu wa boma lenyewe. Mpaka watoto wamjue kwa rangi na mwendo wake, kamba ndiyo inayowaambia, "Huyu ni wetu, ila ni wa juzi."

Kisha huja jambo ambalo methali hailisemi, lakini ambalo kila aliyeitunga na kuirithi alilijua. Kila jioni kuku yule hutupiwa mahindi au wimbi pale pale. Baada ya siku kadhaa, mama wa nyumba humwangalia, akaridhika, akaikata kamba. Kuanzia hapo hakuna anayemtofautisha na wengine. Hakuna mfugaji anayemfunga kuku maisha yake yote. Huyo angekuwa mfungwa, asingekuwa mfugo.

Hiyo ndiyo maana ya tatu: kamba ni hatua, wala si hali ya kudumu. Na kwa kuwa imefungwa na mtu, kuna mtu mwenye jukumu la kuifungua.

Huku kwetu Kakamega habari hii ina uzito zaidi kwa sababu kuku, ingokho au engokho kutegemea lahaja ya Kiluhya, ndiye heshima ya mgeni. Mgeni wa maana akija, mwenyeji hachinji maneno, huchinja kuku. Firigisi yake, imondo, ina mwenyewe kwa desturi, na vita vya nyumbani vimewahi kuanza kwa kupotea kwa kinyama hicho. Kwa hiyo Mluhya anaposikia "kuku mgeni", anasikia maneno mawili ambayo kwake hukaa meza moja.

Tena kuku mwenyewe ni mgeni barani Afrika. Wazee wake ni kuku wa porini wa Kusini-Mashariki mwa Asia, na alifika kwetu akiwa tayari amefugwa. Lakini tazama majina yake: kuku kwa Kiswahili, ingokho kwa Kiluhya, ngũkũ kwa Kikuyu, enkoko kwa Kiganda, inkukhu kwa Kizulu. Haya ni majina ndugu, yaliyolelewa katika lugha za Kibantu kiasi kwamba leo tunamwita ndege huyu "wa kienyeji". Kamba yake ilifunguliwa zamani mno hata tumesahau kwamba aliwahi kuwa nayo.

Sarufi inaficha nini?

Tuutazame muundo. Neno "mgeni" hapa linafanya kazi ya kivumishi, na mzizi wake, -geni, huchukua upatanisho wa ngeli ya nomino inayovumishwa: kuku mgeni, mti mgeni, kitu kigeni, jambo geni, lugha ngeni. Ndiyo maana ni kosa kusema "neno ngeni" au "jambo ngeni", kama tunavyosikia redioni kila uchao. Sahihi ni neno geni, jambo geni. "Kuku" ni kiumbe, kwa hiyo hupatanishwa katika A-WA, ndipo tukapata kuku mgeni kama tunavyosema mtoto mgeni.

Kitenzi "hakosi" nacho kina ujanja wake. Kikanushi hiki hakitaji jana wala kesho. Kinasema jambo lilivyo daima, na ndiyo sababu methali nyingi hukipenda: asiyesikia la mkuu haoni anakokwenda... hapana, huvunjika guu! Msomaji amekwisha kunisahihisha, na hilo linaonyesha jinsi umbo la methali linavyokaa kichwani. Tuchukue mfano usiobishaniwa: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," "Mvumilivu hula mbivu," "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Zote hazina saa wala tarehe.

Lakini linalonivutia zaidi ni kilichoachwa nje. Methali haisemi "kuku mgeni hufungwa kamba". Ingesema hivyo, kauli ya kutendwa ingetulazimisha kuuliza: hufungwa na nani? Inasema tu kwamba hakosi, kana kwamba kamba imeota pale mguuni kama ukucha. Mtendaji amefichwa. Na yeyote anayeishi na wanyama anajua kwamba kuku hajawahi kujifunga kamba.

Basi kila unapoitumia methali hii, lirudishe lile swali ambalo sarufi imelifunika: aliyeifunga ni nani, na ataifungua lini?

Samaki, doa na kuku

Sasa tuweze kulinganisha. Mtu aliyejipata mahali pasipomfaa unaweza kumsawiri kwa taswira mbalimbali, lakini kila taswira huja na tiba yake mfukoni.

Ukimwita samaki nje ya maji, umesema kwamba tatizo liko katika maumbile yake. Samaki hana mapafu ya nchi kavu, na hata mwenyeji awe mkarimu vipi hawezi kumpa. Tiba ni moja tu: arudishwe majini haraka kabla hajafa. Kwa lugha nyingine, aende kwao. Sidhani kwamba mtangazaji wa soka hukusudia hivyo, lakini ndivyo taswira isemavyo.

Taswira ya pili ni yetu wenyewe, na inaniumiza kuitaja. "Doa" ni alama ya uchafu inayoharibu nguo safi. Wingi wake ni madoa. Tukilirudufu tunapata "madoadoa", alama zilizotawanyika huku na huku. Tangu miaka ya 1990 neno hili lilitumiwa katika siasa za Bonde la Ufa kuwataja raia waliohesabiwa kuwa si wenyeji wa mahali walipoishi. Wengine walikuwa wamezaliwa pale pale. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Siwezi kudai kwamba neno moja liliua. Lakini doa halina tiba nyingine isipokuwa kuoshwa, na anayekubali kumwita jirani yake doa amekwisha kukubali sabuni. Mwaka 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) iliorodhesha "madoadoa" miongoni mwa maneno ya uchochezi, pamoja na "kwekwe", yaani magugu. Magugu nayo tiba yake tunaijua.

Taswira ya tatu ni kuku mgeni. Huyu si kiumbe wa aina nyingine. Ni kuku kama kuku wengine. Anakula wanachokula, anataga wanavyotaga. Kinachomtofautisha ni kitu kilichofungwa juu yake kwa muda. Tiba yake ni nafaka ya jioni, siku chache, na kisu cha kukatia kamba.

Samaki hurudishwa, doa huoshwa, kuku hufunguliwa. Atakayechagua kati ya taswira hizi amekwisha kuchagua pia atakachomfanyia mgeni.

Kamba ya ulimi

Kamba inayoonekana upesi kuliko zote ni matamshi. Hapa Magharibi mwa Kenya watu huchekwa kwa hilo tangu shule ya msingi. Mtoto wa Bungoma au wa Lugari akisema "papa amefika chana" badala ya "baba amefika jana", darasa zima huangua kicheko. Mwenye ujuzi kidogo wa Kiswahili ataongeza chumvi: "Ati papa? Papa ni samaki mkubwa wa baharini, amefikaje Bungoma?"

Jamani, tusicheke kabla hatujaelewa. Katika Kibukusu, vipasuo b, d na g, pamoja na sauti j, hujitokeza vikitanguliwa na nazali tu: mb, nd, ng, nj. Vikisimama peke yake, ulimi uliolelewa na lugha hiyo huvitafutia jirani wa karibu, yaani p, t, k na ch. Si uzembe na si ujinga. Ni kanuni, inayofuatwa kwa uthabiti kuliko kanuni nyingi tunazowafundisha watoto hao. Isitoshe, "papa" ndilo neno la Kiluhya la kumwita baba. Mtoto amemwita mzazi wake kwa heshima zote. Sisi ndio tuliosikia papa wa baharini.

Wala Wabukusu hawako peke yao. Mtu wa bara akishuka Mombasa, hata awe profesa, anayo kamba yake. Wazungumzaji wa Kimvita hutofautisha sauti yenye mpumuo na isiyo na mpumuo: paa la nyumba na paa mnyama hayafanani mdomoni mwao, kaa la moto na kaa wa pwani vilevile, tembo la kulewesha na tembo wa mbugani pia. Maandishi yetu hayaonyeshi tofauti hiyo, na wengi wetu hatuisikii. Hata "kuku" wa methali yetu, wao humtamka kwa mpumuo mwanzoni. Kwa hiyo mimi na wenzangu wa bara tunapoitamka methali hii mbele ya Mswahili wa Kisauni, kamba inaonekana kabla hatujamaliza neno la kwanza.

Ninalotaka kusema ni hili: kamba ya ulimi huwa nzito kwa kicheko. Mwanafunzi aliyechekwa mara mbili hanyoshi mkono mara ya tatu. Nimewafundisha vijana wa chuo kikuu wenye akili pevu ambao hawakuwahi kuuliza swali darasani kwa Kiswahili, kisa na maana waliwahi kuchekwa wakiwa na umri wa miaka tisa. Mwalimu aliyesimama pale na kucheka pamoja na darasa alikaza fundo. Yule aliyesema, "Haya, tuitamke wote pamoja: baba," alianza kulilegeza.

Lugha yenyewe ina kuku wageni

Kiswahili chenyewe kinatufundisha jinsi ya kufungua kamba, kwa maana kimepokea maneno mageni kwa karne nyingi. Chukua "mwalimu". Lilitoka kwa Kiarabu, muallim, na lile mu- la mwanzoni halikuwa kiambishi cha Kibantu hata kidogo. Kiswahili kililitazama, kikalikuta linafanana na m- ya mtu, kikalipa wingi: walimu. Chukua "kitabu", nalo la Kiarabu. Ki- yake ilikuwa sehemu ya neno lenyewe, lakini sisi tukaiona kama ki- ya kiti, tukasema vitabu. Leo nani atakayesimama mbele ya mwalimu na kumwambia yeye ni neno geni?

Wengine bado wana uzi. "Daktari" ametibu watu wetu miaka mingi, lakini wingi wake ni madaktari. Hatukumpa m- na wa- za watu. Hata hivyo upatanisho wake ni wa A-WA kama wa binadamu yeyote: madaktari wazuri wamefika. Alama ingalipo katika umbo, haki anazo zote. Pengine huo ndio ugeni unaovumilika: kukumbukwa ulikotoka bila kunyimwa ulipo.

Na lugha hii nayo ilipofika huku, ilikuwa na kamba mguuni. Misafara ya wafanyabiashara kutoka Pwani ilipiga kambi kwa watawala wa Wanga katika karne ya 19. Msafiri Joseph Thomson alipopita mwaka 1883, mahali tunapopaita Mumias pakijulikana kama Kwa Sundu, Kiswahili kilikuwa lugha ya wapita njia. Leo ni lugha ya soko la Kakamega, ya mahubiri, ya matatu na ya mashambani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekiita lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Wenyeji walikitupia nafaka jioni baada ya jioni, mpaka kikasahau njia ya kurudi.

Tuitumieje?

Naomba nimalizie na matumizi, maana lugha ni kutumia.

Mosi, methali hii ni ya kumtetea mgeni au kumtuliza. "Usijali, binti yangu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Muhula ukiisha utakuwa umezoea." Hayo ni matumizi mazuri. Lakini wapo wanaoigeuza fimbo. Katika mabweni yetu, mwanafunzi mpya huitwa "mono", hufuliwa nguo za wengine na mikono yake, hunyang'anywa sukari, na akilalamika huambiwa ndivyo ilivyo kwa wageni. Hapo methali imeporwa. Kamba ya mfugaji ilikuwa ya kumkinga mgeni asidonolewe, haikuwa ya kumshikilia ili adonolewe vizuri.

Pili, ni ya mtu aliyekuja karibuni. Mwalimu aliyehamishwa kutoka kaunti yake ya nyumbani, kama walimu wakuu wengi walivyohamishwa kuanzia mwaka 2018, ni kuku mgeni katika muhula wake wa kwanza. Lakini mama aliyeolewa kijijini miaka thelathini iliyopita, akazaa, akazika, akalima, na bado akaitwa "yule wa kuja"? Hapana. Kwake methali hii haifai tena. Ukiona kuku ana kamba mguuni baada ya miaka thelathini, usimwulize kuku. Muulize mwenye boma.

Tatu, isitumiwe kwa mtu ambaye hajapata upande kwa hiari yake, leo huku, kesho kule, akifuata panapopikwa. Huyo tuna jina lake: popo, asiye ndege wala mnyama. Tusimpe heshima ya kuku mgeni, ambaye angalau anajua analala wapi.

Nne, isomwe pamoja na jirani zake. "Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho" ni ushauri kwa mgeni: jitahidi kufanana nao. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" ni ushauri kwa mwenyeji. Mwalimu Julius Nyerere aliipenda methali hii ya pili na kuitumia mwaka 1962 alipoeleza misingi ya Ujamaa, akisisitiza kwamba kila mtu afanye kazi. Wengi wetu huisikia kama namna ya adabu ya kumfukuza mgeni mvivu. Isikilize tena. Anayepewa jembe huonyeshwa na shamba. Huambiwa mpaka uko wapi, mbegu ziko wapi, na chakula cha mchana ni saa ngapi. Asubuhi hiyo ya tatu hali tena chakula cha mgeni, na kamba yake imekwisha kukatwa.